BIMA YA TAIFA: SHERIA ILIYOZOMEWA IKAWA MALI YA WANANCHI

Makato ya mshahara hayana rafiki. Mtu akipokea bahasha yake ya mwisho wa mwezi na kuona imepungua, hamshukuru aliyeipunguza, hata akiambiwa kwamba fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya siku yake ya ugonjwa au ya uzee. Hata hivyo zipo nchi ambako makato yaliyolaaniwa yaligeuka, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, yakawa jambo ambalo serikali huogopa kuligusa. Mojawapo ya nchi hizo ni Uingereza. Historia ya bima ya taifa ya huko yafaa kujulikana na kila mwenye mshahara na kila mwenye kulea watoto, kwa maana yaonyesha jinsi rai ya umma inavyozaliwa, inavyogeuka, na inavyokilinda kile ilichokwisha kukikubali.

Mbegu ilitoka Ujerumani

Asili ya bima ya serikali si Uingereza bali ni Ujerumani. Katika mwaka 1878 Kansela Otto von Bismarck alipitisha sheria kali dhidi ya chama cha kisoshalisti kilichokuwa kikipata nguvu miongoni mwa wafanyakazi. Lakini alitambua kwamba rungu peke yake halitoshi. Ndipo zilipofuata sheria tatu: bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884, na bima ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Katika bima ya ugonjwa mfanyakazi alilipa sehemu mbili na mwajiri sehemu moja. Katika bima ya ajali mwajiri alilipa yote. Malipo ya uzee yalianza mtu alipofikisha miaka 70, umri ambao wafanyakazi wengi wa zama zile hawakuufikia.

Bismarck alitaka mfanyakazi aitazame dola kama mlezi wake, asikitazame chama. Katika hilo hakufaulu, kwani wasoshalisti waliendelea kuongezeka. Bali bima yenyewe ilibaki. Ilipita vita viwili vikuu na tawala za kila namna, na mpaka leo Mjerumani anakatwa mchango wake kwa misingi ile ile.

Aibu ya nyumba za maskini

Uingereza ilichelewa. Tangu mwaka 1834 msaada kwa wasiojiweza ulitolewa chini ya Sheria ya Maskini, na sheria hiyo ilikusudiwa iogopeshe. Mtu asiye na kitu alipelekwa katika nyumba ya maskini, akavikwa nguo za nyumba hiyo, akapewa kazi ngumu, na aghalabu mume alitengwa na mkewe, na wazazi wakatengwa na watoto wao. Aliyepokea msaada huo alipoteza haki ya kupiga kura, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1918. Wazee wengi walioneana haya hata na majirani. Walistahimili njaa ndani ya vyumba vyao kuliko kubisha mlango ule.

Kwa sababu hiyo sheria ya pensheni ya wazee ya mwaka 1908 ilipokelewa kwa furaha. Kuanzia tarehe 1 Januari, 1909, mzee wa miaka 70 mwenye kipato kidogo alikwenda posta kuchukua hadi shilingi 5 kwa wiki. Fedha zilitoka katika kodi, wala mzee hakudaiwa mchango. Kulikuwa na masharti: mtu aliyejulikana kwa kukwepa kazi, au aliyetoka gerezani karibuni, alinyimwa. Lakini haki yake ya kura haikuguswa, na posta ni mahali ambapo kila mtu huingia bila kuona haya. Shilingi zile zilikuwa chache. Heshima iliyoandamana nazo ndiyo iliyokuwa kubwa.

Stempu iliyoleta ghadhabu

Mambo yalikuwa tofauti mwaka 1911. Waziri wa Fedha, David Lloyd George, aliyekuwa amezuru Ujerumani mwaka 1908 kutazama bima ya huko, alileta Sheria ya Bima ya Taifa. Mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4 kila wiki, mwajiri akaongeza peni 3, na serikali peni 2. Lloyd George akatangaza kwamba mfanyakazi anapata peni 9 kwa kutoa peni 4. Mchango ulithibitishwa kwa stempu iliyobandikwa katika kadi. Mfanyakazi mwanamume akiugua alipata shilingi 10 kwa wiki na kutibiwa na daktari bila malipo.

Hesabu hiyo ilikuwa njema, ila ilipokelewa kwa makelele. Sababu si ngumu kuielewa. Makato yalianza Julai 1912, ilhali malipo hayakuanza mpaka Januari 1913. Kwa nusu mwaka mtu aliona anachopoteza pasipo kuona anachopata. Magazeti makubwa yaliichochea hasira hiyo. Mnamo Novemba 1911 mabibi wenye nyumba na watumishi wao wa ndani walikusanyika katika ukumbi wa Albert Hall, London, kupinga kulazimishwa kubandika stempu. Madaktari nao waligoma kwa miezi mingi kujiandikisha, wakihofia kuwa watumishi wa serikali, hadi walipoongezewa malipo.

Hata hivyo mara fedha za ugonjwa zilipoanza kufika majumbani, makelele yalipungua. Mwanamume aliyelala kitandani kwa homa ya mapafu, huku watoto wake wakiendelea kula, hakuwa tena na hamu ya kubishana kuhusu stempu. Malalamiko yaliyobaki yaligeuka sura: watu waliacha kuuliza kwa nini bima ipo, wakaanza kuuliza kwa nini haimfikii kila mtu.

Fedha ya mama iingie mkononi mwa nani?

Swali hilo lilikuwa zito zaidi kwa wanawake. Daktari wa bima alimtibu mfanyakazi aliyechangia tu. Mkewe asiyechangia pamoja na watoto waliachwa nje. Mke wa nyumbani, ambaye ndiye aliyejinyima ili wengine washibe, alivumilia maradhi yake kimya.

Jambo moja tu liliwekwa kwa ajili yake: shilingi 30 za uzazi. Lakini kwa kuwa mume ndiye aliyechangia, fedha hiyo ilihesabiwa kuwa ya mume. Chama cha wanawake wa ushirika kilipinga vikali, na mwaka 1913 sheria ilirekebishwa ili fedha ya uzazi iwe mali ya mama mwenyewe. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1925, iliyoweka pensheni kwa wajane na posho kwa mayatima wa waliochangia, na kuteremsha umri wa pensheni ya waliochangia hadi miaka 65. Mwisho, mwaka 1945, ikapitishwa posho ya watoto ya shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza. Serikali ilikusudia kumlipa baba. Mbunge Eleanor Rathbone, aliyeipigania posho hiyo kwa zaidi ya miaka 20, alikataa katakata, na Bunge likakubali kwamba alipwe mama. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1946, miezi michache kabla malipo ya kwanza hayajatolewa mwezi Agosti.

Askari na kitabu kilichozuiwa

Kabla ya hapo taifa lilikuwa limepitia dhiki. Mwaka 1931, ukosefu wa kazi ulipozidi, serikali ilipunguza malipo ya wasio na kazi na kuwatuma wapelelezi majumbani kuchunguza kipato cha kila aliyelala chini ya paa lile. Mshahara wa binti ulitosha kumpunguzia baba msaada wake, na vyombo vya nyumbani viliweza kuhesabiwa. Chuki iliyotokana na uchunguzi huo haikusahaulika. Ilithibitisha kwamba wananchi hawakutaka hisani yenye kudhalilisha. Walitaka haki iliyonunuliwa kwa mchango.

Ndiyo maana taarifa ya Sir William Beveridge, iliyotolewa tarehe 1 Desemba, 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, ilipokelewa kama habari ya ushindi. Watu walipanga foleni kuinunua, ijapokuwa ni kitabu kinene cha kiserikali chenye majedwali ya hesabu, na nakala zilizouzwa zilipindukia laki kadhaa. Beveridge aliwataja majitu matano ya kupigwa vita: uhitaji, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi, na kukaa bila kazi. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyelelewa na wito wa kupambana na umaskini, ujinga na maradhi, atayatambua upesi. Shauri lake lilikuwa mchango mmoja kwa wote, na malipo kwa wote tangu kuzaliwa hata kufa.

Muhtasari wa taarifa hiyo uliandaliwa ili askari waujadili katika vikosi vyao. Siku chache kabla ya Krismasi Wizara ya Vita iliagiza urudishwe, kwa madai kwamba ulihusu jambo lenye ubishi wa kisiasa. Agizo hilo lilileta shaka kubwa zaidi kuliko maandishi yenyewe. Askari aliyeombwa kuitoa nafsi yake alijiuliza kama kweli familia yake itatunzwa vita vikiisha.

Jibu lilipatikana mwaka 1945. Kura zilipigwa tarehe 5 Julai, lakini matokeo yalingojewa hadi tarehe 26 ili kura za askari walioko ng'ambo zifike. Winston Churchill, jemadari wa ushindi, aliangushwa. Chama cha Labour kikapata viti 393. Wananchi walimheshimu Churchill, ila hawakuamini kwamba chama chake kingeitimiza ahadi ya Beveridge.

Tarehe 5 Julai, 1948, bima mpya ya taifa na huduma ya afya kwa wote vilianza siku moja. Miezi michache tu kabla ya hapo madaktari walikuwa wamepiga kura, na karibu tisa katika kila kumi wakaikataa huduma hiyo. Waziri Aneurin Bevan aliwapatia sehemu ya waliyoyadai, na wananchi wakajiandikisha kwa mamilioni; madaktari hawakuwa na budi kuwafuata wagonjwa wao. Chama cha Churchill kiliporudi madarakani mwaka 1951, hakikuthubutu kuibomoa kazi hiyo.

Kilichotolewa hakinyang'anywi kwa urahisi

Mpaka leo hali ni hiyo hiyo. Umri wa wanawake kupata pensheni ulipopandishwa kutoka miaka 60 hadi 66, mabadiliko yaliyokamilika mwaka 2020, wanawake waliozaliwa katika miaka ya 1950 walilalamika kwamba hawakuarifiwa mapema. Na mwaka 2024 serikali mpya ya Labour ilipowaondolea wazee wengi fedha ya kuwashia moto wakati wa baridi, ghadhabu ya wananchi iliilazimisha kuirejesha kwa walio wengi mwaka 2025.

Katika nchi zetu ubishi huo si mgeni. Tanzania, kanuni mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu ilisimamishwa na Rais John Magufuli Desemba 2018, baada ya wafanyakazi kuipinga. Uganda, sheria ya mwaka 2022 iliwaruhusu wanachama wa mfuko wa taifa wenye miaka 45, waliochangia kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yao kabla ya kustaafu. Pande zote mbili swali ni moja: je, fedha iliyokatwa ni ya nani, na itarudi lini?

Historia ya Uingereza yatoa jibu kwa watawala na kwa watawaliwa. Mwananchi hukubali makato akiona malipo yanafika kwa wakati, kwa kiasi alichoahidiwa, na bila kudhalilishwa dirishani. Naye mwananchi ana wajibu wake: kuzitunza karatasi zake, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kuhakikisha kwamba majina ya warithi yameandikwa sawasawa katika kumbukumbu za kazini. Fedha ya uzazi ya mwaka 1911 ilikwenda kwa baba kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Ikaja kwa mama kwa sababu wanawake waliisoma sheria wakadai iandikwe upya.