Baba na Amana ya Watoto Wake

Katika miji ya mwambao wetu, kuanzia Lamu na Mombasa hata Tanga, Bagamoyo na Unguja, baba Mwislamu huingizwa katika kazi ya malezi siku ile ile mtoto anapozaliwa. Mkunga akishamsafisha mtoto na kumfunika kanga, baba humpokea mikononi, akamsomea adhana katika sikio la kulia na ikama katika sikio la kushoto. Na siku ya saba ikiwadia, nywele za mtoto hunyolewa, jina lake hutajwa mbele ya jamaa, na kwa mwenye uwezo akika huchinjwa, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, kama ilivyo katika madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea pwani. Mtu aonaye taadhima ya mwanzo huo angetazamia kwamba baba atakuwa karibu na mtoto siku zote za udogo wake. Walakini aghalabu mambo huwa kinyume. Arobaini ikiisha kutoka, baba hurudi barazani kwake, na tangu hapo hujulikana na watoto kwa mambo mawili tu, nayo ni matumizi anayoyaacha asubuhi na hukumu anayoitoa jioni.

Mambo hayo mawili hayakosi faida, kwani nyumba haisimami bila ya riziki, wala watoto hawakui vyema pasipo mtu wa kuwaonya. Ila mimi, niliye baba wa binti mmoja na wana wawili, nimekinaika kuwa sehemu kubwa ya malezi ya baba imo katikati ya matumizi na hukumu, katika saa zile za kawaida ambazo hakuna mtu anayezihesabu kuwa ni saa za mafunzo, na ambamo mtoto humtazama baba yake bila ya baba kujua kuwa anatazamwa.

Si haki kuwalaumu akina baba wote kwamba hutoka nyumbani kwa kupenda, maana dhiki ya maisha imewatoa wengi kwa nguvu. Hapa Tanga habari hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1893 Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika nchi hii, na mashamba yalipotanda kandokando ya reli, watu waliandikwa kazi katika majimbo ya mbali, wakaitwa manamba, wakaja kukata mkonge ilhali wengi wao waliacha wake na watoto nyuma. Mtoto wa manamba alimjua baba yake kwa salamu zilizoletwa na msafiri na kwa nguo aliyotumiwa. Wavuvi wetu nao, tangu zama hizo hata leo, huenda dago, wakapiga kambi pwani za mbali na kukaa huko majuma mengi wakifuata samaki. Na siku hizi wako madereva wa malori wanaolala njiani baina ya bandari na nchi za bara, na vijana walio kazini Maskati na Dubai. Kwa hiyo swali la baba asiyeonekana nyumbani halikuzuka jana, wala halina jawabu moja linalowafaa watu wote.

Sheria za nchi zimejaribu kumrudisha baba karibu na utoto, kila nchi kwa kadiri yake. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, nazo huwa siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humpa baba siku zisizopungua 3. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa baba majuma 2 yenye malipo kamili. Na Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imetamka kuwa mama na baba wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Haya ni maendeleo ya kushukuriwa. Hata hivyo, sheria huweza kumfungulia baba mlango wa nyumba yake, lakini haiwezi kumketisha mkekani pamoja na watoto. Hilo limebaki katika hiari yake mwenyewe.

Wazee wetu waliijua thamani ya neno la mzazi, ndiyo maana fasihi ya Kiswahili imejaa nyasia. Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa karibu na mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ambao unasomwa hata leo. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji huu wa Tanga mwaka 1909, aliwaandikia watoto wake tenzi mbili, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake, ingawa alikuwa karani wa serikali mwenye kazi nyingi. Katika Kurani nako imo sura nzima iliyoitwa kwa jina la Lukmani, na ndani yake mna nasaha za baba kwa mwanawe. Wasia basi ni hazina kubwa. Lakini wasia huota mizizi kwa mtoto ambaye ameyaona maneno yake yakitendwa. Na asiyeyaona huyahifadhi kwa ulimi, akayarudia vizuri mbele ya wageni, kisha akaishi kwa yale aliyoyaona.

Nitatoa mfano mmoja ulio wazi. Binti yangu, ambaye sasa yu darasa la nne, hufuatana nami Jumamosi asubuhi kwenda soko la samaki la Deep Sea, wakati ambapo mashua zimekwisha kutia na wachuuzi wamekwisha kupanga mafungu yao. Nimemfunza kutanguliza salamu kabla ya kuuliza bei. Kisha nikamfunza kufunua shavu la samaki na kutazama matamvua, kwamba yakiwa mekundu samaki ni wa leo, na yakiwa na rangi ya udongo ni wa kuepukwa. Kwamba jicho la samaki mzuri hujaa na kung'aa, bali la samaki aliyelala hudidimia na kuwa na utando. Na kwamba ukimbonyeza kwa kidole, nyama iliyo njema hurudi mahali pake mara moja.

Asubuhi moja alimchagua kolekole mnene, akamkagua kama alivyofunzwa, akaridhika naye. "Shikamoo babu," alimwambia mchuuzi, "huyu kiasi gani?" Mzee akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," akataja bei ambayo hata baada ya kupunguza ilizidi fedha niliyokuwa nayo. Nikamwambia mzee yule mbele ya mtoto, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikisema nayo tangu mwanzo, "Bei yako ni haki, mzee wangu, ila leo haimo katika uwezo wetu, tupatie fungu la vibua." Tulipofika nyumbani, binti mwenyewe ndiye aliyemweleza mama yake, "Kolekole alikuwa mzuri, mama, lakini leo hatukumweza, tumeleta vibua." Alisema hivyo bila ya unyonge wowote. Mtoto ambaye baba yake hugeuza upungufu wa fedha kuwa ghadhabu hujifunza kuwa umaskini ni aibu ya kufichwa, na huenda akaja kukopa au kudanganya ili auepuke; na yule anayeusikia ukisemwa kwa utulivu hujifunza kupima matakwa yake kwa uwezo wake, na somo hilo halifundishwi vizuri zaidi mahali pengine popote.

Siku kama hiyo, samaki wakishaparwa, mimi huketi juu ya mbuzi nikakuna nazi, na mwanangu mkubwa hukamua tui, la kwanza akaliweka kando, la pili likatangulia chunguni. Wako watu wanaodhani kuwa kazi ya jikoni humvunjia mwanamume heshima yake. Imepokewa kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika huduma ya watu wa nyumba yake, na sala ikiingia hutoka kwenda kusali. Na sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo ambayo mtu wa pwani angeweza kuitafuta. Wana wa kiume hujifunza namna ya kumtendea mke kwa kumtazama baba anavyomtendea mama yao, na binti hujifunza humo humo ni staha ya namna gani aitarajie kwa mume wake. Baba anayemkatiza mke wake maneno mezani amekwisha kuwafundisha watoto wote walioketi hapo, hata kama jioni yake atawahutubia juu ya adabu.

Ama juu ya adhabu, methali isemayo kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye imetumiwa na wengi kuwa ruhusa ya fimbo, ilhali maana yake ni kuwa mzazi asiogope kumkataza mtoto jambo baya kwa kuchelea machozi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haikubali adhabu inayopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Nami naona kuwa insafu hudai zaidi ya hapo, kwamba baba aulize kabla ya kuhukumu. Mwana akirudi magharibi imekwisha kuingia, na vumbi la uwanja likiwa miguuni, neno la kwanza liwe, "Ilikuwaje, mwanangu?" na baba angoje jibu mpaka liishe. Mtoto anayejua kuwa atasikilizwa huja na kweli, hata ikiwa kweli yenyewe inamtia hatiani. Na mtoto anayejua kuwa atapigwa kwa vyovyote huja na hadithi, na baba yake huanza kuishi na mtu asiyemjua.

Kwa hiyo nawausia akina baba wenzangu waitenge saa moja, wasiiuze kwa jambo lolote lisilokuwa la dharura. Kwa wengi wetu saa hiyo ni ile iliyo baina ya magharibi na isha, watoto wamerudi chuoni, madaftari yamefunguliwa mkekani, na chakula ki motoni. Simu iwekwe mbali, baraza ingoje. Aliye na elimu amsaidie mtoto hesabu zake, na asiye na elimu amwombe mtoto amsomee yale aliyoyaandika, kwani baba anayesikiliza kwa makini humtia mwanawe hamu ya kusoma, japokuwa yeye mwenyewe hajui herufi. Na aliye mbali, dagoni au Maskati, aichague saa yake na kuitimiza kwa simu, asiulize tu nafasi aliyoshika mtoto katika mtihani, bali amuulize amecheza na nani, amecheka nini, na ni kitu gani kimemtia hofu siku hiyo. Tena ayakumbuke majibu ili kesho aanzie pale walipoachia.

Matumizi ya nyumbani yanaweza kupelekwa na mjomba, na hukumu inaweza kutolewa na mwalimu au kadhi. Saa hiyo haina naibu. Baba aliyeitoa kwa watoto wake wangali wadogo atakuwa na haki, wakishabaleghe na kuanza kuamua mambo mazito ya maisha yao, ya kutumaini kuwa watamjia kutaka shauri kwa hiari yao wenyewe.