Je, Wajua? "Ta!" Moja na "Ta-ta-ta" Si Ugonjwa Mmoja

Ukigeuza ufunguo gari likalia bila kuwaka, sikiliza kwanza. Mlio huo hutoka kwenye swichi ya sumaku iliyoshikana na stata, ile inayoitwa pia demareri, neno lililotokana na Kifaransa. Sumaku hutosheka na umeme kidogo, lakini stata yenyewe hudai zaidi ya ampea 100. Betri ikiwa dhaifu, sumaku huvuta, stata inadai fungu lake, umeme unaanguka, sumaku inaachia, kisha inavuta tena. Ndiyo "ta-ta-ta". "Ta!" moja tu mara nyingi ni stata iliyochoka au waya uliolegea.

Mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri hupunguza nguvu za betri. Gari lililowaka vizuri kwenye joto la mji jirani wa Beni laweza kugoma Butembo.

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Zikififia sana, tazama betri na vichwa vyake: unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, safisha, kaza. Taa zikibaki kali, shuku stata.

Gari la gia za mkono husukumwa likawaka, na vilima vya Butembo ni msaada mkubwa. La otomatiki halikubali.

Betri iliyolala usiku kucha ikipima chini ya volti 12.4, ichaji kabla ya kushika njia ya Beni. Tafadhali, usikubali giza likukute umekwama barabarani.