Ugonjwa usio na jina si uvivu

Wapo wagonjwa wanaotoka hospitali na jibu kwamba vipimo vyao ni salama, ilhali miguu inazidi kuwaishia nguvu wiki hadi wiki. Nyumbani huitwa wavivu, mtaani husemwa wamerogwa. Leo tuwazungumzie hao.

Msuli haufanyi kazi peke yake. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, ndipo ikaufikia msuli. Hitilafu ikitokea popote njiani, mtu huhisi jambo lile lile: udhaifu. Upungufu wa potasiamu, matatizo ya tezi ya shingoni, hata baadhi ya dawa, vyote vyaweza kuanza hivyo. Kwa hiyo daktari hodari naye huweza kuchukua miezi kabla ya kutaja jina.

Tuchukue mfano wa ugonjwa uitwao miastenia gravisi. Hapa kinga ya mwili hushambulia mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Kope hulegea, macho huona vitu viwili viwili, kutafuna huchosha, na mikono hushindwa kuanika nguo kambani. Nguvu huisha kwa kutumika na hurudi kwa kupumzika. Basi fikirini: mgonjwa ameketi kwenye benchi tangu alfajiri akisubiri kuitwa. Anapoingia kwa daktari amekwisha kupumzika; akiambiwa abane mkono, anabana barabara. Anaambiwa hana kitu. Jioni, akishuka kwenye daladala, magoti yanakataa.

Kipimo cha damu nacho si hakimu wa mwisho. Kwa wale ambao dalili zao zimebaki machoni tu, karibu nusu yao kipimo kikuu hakionyeshi kitu.

Hata hivyo, msaada waweza kutangulia maelezo. Mwaka 1934, huko Greenwich, London, daktari Mary Walker alitambua kwamba dalili hizo zinafanana na za kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. Akamchoma mgonjwa wake sindano ya fisostigmini, dawa inayoipinga sumu hiyo, na kope iliyolegea ikanyanyuka kwa saa chache. Ushahidi kwamba kinga ya mwili ndiyo mkosaji ulipatikana miaka ya 1970, karibu miaka 40 baadaye.

Mgonjwa afanye nini wakati jina bado halijapatikana? Kwanza, awe na daftari. Aandike ni saa ngapi udhaifu unazidi, ni kazi gani inamshinda leo ambayo mwezi uliopita aliiweza, na kama akipumzika anapata nafuu. Pili, aombe kupimwa akiwa amechoka, si akiwa ametoka kupumzika. Tatu, ataje dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwamo. Hili si dogo: kwinini na sindano za jentamaisini zaweza kumzidishia udhaifu mwenye miastenia. Hatusemi akatae kutibiwa malaria. Tunasema amweleze daktari mapema ili achague dawa kwa uangalifu.

Lakini zipo dalili zisizongoja daftari. Akianza kukosa pumzi, kupaliwa na mate, kushindwa kuinua shingo, au miguu ikipooza ghafla pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Kwa waganga wetu tunasema: "Sijui bado, rudi baada ya wiki nne" ni jibu lenye heshima kuliko "huna kitu". La kwanza linamrudisha mgonjwa hospitalini. La pili linampeleka kwa mpiga ramli. Nasi nyumbani tumpe kigoda apikie akiwa ameketi, tumbebee ndoo, tusimtake athibitishe kila asubuhi kwamba anaumwa. Misaada hiyo haihitaji cheti cha daktari.