Neno zito kwa mfugaji

Mwanamume wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hahitaji kuelezwa maana ya kuhasi. Dume huhasiwa likawa maksai, likavuta plau kwenye shamba la pamba. Kazi hiyo ameifanya mwenyewe, au amemshikia mwenzake kamba, tangu ujana. Sasa mtu huyo yuko hospitali, saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa, na daktari anamwambia kuwa njia mojawapo ya kumtibu ni kumtoa korodani. Hapo analisikia neno lile lile la zizini.

Inaniuma kwamba tukiuzungumzia ugonjwa huu tunaishia kwenye kipimo. Vijiweni habari ni kidole cha daktari, watu wanacheka, basi. Mtu akishapewa majibu, anabaki peke yake na uamuzi ambao hajawahi kumsikia mwanamume mwingine akiusimulia.

Tiba yenyewe ina sababu. Saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume. Daktari Charles Huggins wa Chicago alilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo maana ugonjwa ukishasambaa, madaktari huanza kwa kuishusha homoni hiyo: ama kwa sindano za kurudiwarudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, ama kwa upasuaji mdogo wa mara moja. Njia zote mbili hufikia lengo. Ila sindano hazina mwisho, na kila safari ya kuzifuata Mwanza kupitia Lamadi ina nauli yake. Mzee anajikuta akiupima uanaume wake kwa idadi ya ng'ombe watakaouzwa, na hilo hamwambii mtu.

Atamwambia nani? Daktari ni binti wa umri wa mjukuu wake. "Shikamoo babu," anaanza, na heshima hiyo hiyo inafunga mlango wa kuulizana habari za chumbani. Kama mzee anaongea Kisukuma tu, anahitajika mkalimani. Kijana wake wa kuzaa atainamisha macho. Afadhali mjukuu, maana babu na mjukuu wana utani wao, na utani unabeba maneno ambayo baba na mwana hawawezi kuyatamka. Ningekuwa mhudumu ningeuliza mapema: umekuja na nani, babu, na mama yuko wapi?

Mama naye ana lake la kujua. Homoni ikishuka, hamu ya tendo hupungua au kuisha, joto humpanda mtu ghafla akatota jasho, nguvu za shambani hupotea, na huzuni inaweza kumwingia. Asipoambiwa, atadhani mumewe amemchoka. Mume naye atadhani amekuwa dhaifu wa roho, kumbe huenda ni tiba.

Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Aliporudi aliwaeleza wananchi ugonjwa wake waziwazi. Bado naliona lile kuwa jambo kubwa. Hospitali hiyo ndiko daktari Patrick Walsh alikoanzisha, mwaka 1982, upasuaji unaojitahidi kunusuru mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume, kwa sababu wagonjwa wa kule nao waliogopa kupoteza nguvu hizo.

Ugonjwa wa Kikwete ulikuwa bado hatua za mwanzo. Aliyegundulika mapema mara nyingi ana muda wa kufikiri. Nchini Uingereza wanaume 1,643 wa namna hiyo walifuatiliwa kwa miaka kama 15. Waliopasuliwa, waliopigwa mionzi na waliochunguzwa tu kwa vipimo, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 2 hadi 3 katika kila 100, kila kundi. Wengi wetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na aliyeanza kufa ganzi miguu kwa saratani iliyofika kwenye mifupa hana wiki za kungoja. Lakini hata yeye anaweza kupewa jioni moja: akae na mkewe kwenye benchi la nje ya wodi, mjukuu akiwa karibu, aulize kwa Kisukuma kama baada ya kisu kile ataendelea kuitwa baba wa mji wake.