Ubongo Unavyozoea Heroini, na Hatari ya Kurudia Dozi ya Zamani

Dumila ni mji wa njia panda: hapo barabara ya Kilosa huachana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na malori na mabasi hupita usiku na mchana. Mhudumu wa afya katika mji wa namna hiyo anaweza kumpokea msafiri mwenye miayo, makamasi, kuhara na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria. Huenda ni arosto, hali inayomwanza mtumiaji wa heroini saa 8 hadi 12 hivi baada ya kuikosa.

Heroini hushika vipokezi vya ubongo vilivyokusudiwa kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Huongeza dopamini, inayomvuta mtu arudie, na hupunguza kazi ya shina la ubongo linaloongoza upumuaji. Ikitumiwa kila siku, ubongo hujirekebisha: vipokezi huitikia kwa unyonge, na seli zilizokandamizwa hujiongezea nguvu ili kufidia. Ndiyo maana kiasi cha jana hakitoshi leo. Heroini ikikatika, nguvu ile ya ziada hukosa kizuizi. Hiyo ndiyo arosto.

Mabadiliko haya hayaondoki kwa pamoja. Usugu hushuka katika siku au wiki chache, lakini shauku hudumu miezi, hata miaka. Anayetoka gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu akirudia dozi yake ya zamani, mwili hauwezi tena kuihimili. Anaweza kuacha kupumua.

Methadoni, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, hushika vipokezi hivyohivyo polepole na kwa muda mrefu, hivyo humwepusha mgonjwa na arosto. Hunywewa kila siku chini ya uangalizi. Aliyeikosa siku 3 mfululizo au zaidi apimwe upya kabla ya kupewa dozi kamili, kwa kuwa usugu wake umeanza kushuka.

Ndugu na wahudumu wazijue dalili za dozi iliyozidi: usingizi usioamshika, mboni ndogo kama ncha ya sindano, pumzi za kukawia, midomo ya bluu. Mgonjwa asaidiwe kupumua, apewe naloksoni ikiwapo, alazwe ubavu anapopumua mwenyewe, na afikishwe hospitalini bila kuachwa peke yake. Aliyerudia heroini hakukosa haya wala imani. Ubongo wake bado unapona.