Viashiria vya Saratani ya Kinywa katika Mate: Mtazamo kutoka Micheweni, Pemba

Tambuu na popoo, kwa tumbaku au bila tumbaku, zilitajwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 2004 kuwa visababishi vya saratani. Kwa mtafunaji wa Micheweni, dalili ya mwanzo yaweza kuwa baka jeupe lisilouma, naye haoni sababu ya kwenda kituoni. Hapo ndipo mate yanapofaa: interleukini-8 huongezeka ndani yake kwa wagonjwa wengi. Hata hivyo, protini hiyo hupanda pia ufizi unapovimba, hivyo ufizi uchunguzwe kwanza. RNA nayo huharibika upesi. Sampuli yake yahitaji barafu hadi maabara ya Wawi, Chake Chake. Kwa maoni yetu, mate hayathibitishi saratani; yanasaidia kuamua nani akatwe kipande cha nyama kitazamwe kwa hadubini.