Tulisikilize Gari Kabla ya Kufungua Mfuko

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo lina mawingu yake, nayo ni milio. Gari jipya halina maneno mengi. Lakini gari lililokwisha kutumika miaka kumi au ishirini ng'ambo ya bahari, kisha likapakiwa melini na kuteremshwa katika bandari yetu, aghalabu huja na mengi ya kusema. Hapa visiwani magari ya namna hiyo ni mengi mno, hasa yale yanayotoka Japani, nayo ndiyo yanayotuchukulia wagonjwa, karafuu, samaki na watoto wa skuli. Kwa hiyo suala la mlio wa gari si la wenye magari peke yao. Ni suala la kila mwananchi, na kwa namna ya pekee ni suala la kila ofisa atiaye saini hati ya kununua vipuri kwa fedha za umma.

Leo twataka kulieleza jambo hili kwa kuanza na kosa letu wenyewe, maana si vema kumnyooshea mwenzio kidole hali kidole chako kina tope.

Wakati wa masika ya mwaka 2023 pikapu yetu ya kupelekea magazeti shamba ilianza kulia. Ilipoondoka polepole ilitoa sauti nyembamba kama ya kinda la ndege, kwi-kwi-kwi, na sauti hiyo iliongeza kasi kadiri gari lilivyoongeza mwendo, mpaka ikamezwa na ngurumo ya injini na upepo. Kila dereva alipotia gia ya kwanza na kuachia klachi, palisikika kishindo kimoja cha chuma chini ya sakafu. Tukalipeleka gereji. Fundi wa huko alisimama mlangoni, akalisikiliza mara moja tu lilipokuwa likiingia, akatoa hukumu: giaboksi imekufa.

Bei ya giaboksi iliyotumika, pamoja na gharama ya kuivusha kutoka Dar es Salaam, ilikaribia robo ya fedha tulizonunulia gari lenyewe. Tukaandika maombi ya fedha. Maombi yakakaa mezani wiki tatu, na muda wote huo gari liliendelea kwenda Makunduchi na kurudi. Tulijiambia kuwa giaboksi ikifa gari litasimama tu, wala hapana atakayeumia. Twakiri pia kuwa dereva wetu alikuwa na desturi ya kuwapakia nyuma watoto wa skuli aliowakuta njiani, nasi tulilijua hilo na hatukulikataza.

Aliyetutoa gizani ni fundi mmoja mzee wa Ng'ambo, jirani wa dereva. Dereva alimwendea jioni moja, akamwamkia, kisha akamwuliza wapi ipatikanapo giaboksi kwa bei nafuu. Mzee alimjibu kwa utaratibu: "Marahaba, mwanangu. Kwanza niambie, ni nani aliyeiuliza hiyo giaboksi, nayo ikamjibu kuwa imekufa?" Asubuhi ya pili alilifanyia gari mitihani mitano, kwa zana ambazo zisingejaza hata kikapu kimoja. Tutaieleza mitihani hiyo kwa mpango alioufuata, kwa sababu faida yote imo katika mpango huo.

Mtihani wa kwanza, gari lilisimama palepale, gia ikiwa huru, injini ikikoroma. Aliongeza mafuta akapunguza, mlio haukutokea. Hapo injini ikaondolewa katika orodha ya washitakiwa. Kisha akakanyaga klachi na kuiachia mara kadhaa. Lau sauti ya kusaga ingesikika mguu ukiwa juu na kupotea klachi inapokanyagwa, ingekuwa dalili ya beringi ya mbele ya giaboksi. Lau ingetokea klachi inapokanyagwa tu, ingekuwa beringi ya klachi yenyewe. Haikusikika popote.

Mtihani wa pili ulifanywa katika barabara nyoofu isiyo na watu. Gari lilipofika mwendo wa wastani, dereva aliitoa gia na kuliacha gari liserereke, injini ikiendelea kuunguruma chinichini. Twasisitiza neno hilo: injini isizimwe gari likiwa mwendoni, kwani breki hupoteza msaada wake na usukani waweza kujifunga. Mlio haukupungua. Ulifuata mwendo wa magurudumu, wala haukufuata mwendo wa injini. Kwa hiyo washitakiwa waliobaki ni wale wazungukao kila gari linapotembea: mkia wa giaboksi, propela, difu, ekseli na beringi za magurudumu.

Mtihani wa tatu ndio uliotustaajabisha kwa wepesi wake. Mzee alichora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, akamwambia dereva aende kwa mwendo wa mtu atembeaye, naye akatembea kando akihesabu. Kila alama ilipozunguka mara moja, mlio ulisikika mara nne hivi. Sababu yake ni hii. Katika magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela huzunguka mara nne hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, maana difu ndiyo ipunguzayo mwendo huo. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2, gari likienda kilomita 36 kwa saa, huzunguka mara 5 kwa sekunde, na propela yake huzunguka mara 20 hivi. Kitu kinachogonga gurudumuni hugonga mara moja kwa mzunguko. Mlio wetu ulikuwa na haraka ya propela.

Mtihani wa nne, mzee alimwambia dereva ayumbishe gari kidogo kulia na kushoto katika uwanja mpana. Beringi ya gurudumu iliyokwisha huvuma, na uvumi wake hubadilika uzito unapohama: gari likikata kushoto uzito huelemea kulia, na beringi mbovu ya kulia hupaza sauti. Mlio wetu haukubadilika.

Mtihani wa tano ulifanywa chini ya gari. Kabla ya kuingia, mzee aliyakinga magurudumu yote kwa magogo, mbele na nyuma, wala hakuiamini jeki peke yake. Kisha aliishika propela kwa mikono miwili, mmoja kila upande wa krosi, yaani ule msalaba wa chuma uungao propela na giaboksi, akapindua mkono mmoja huku na mwingine kule. Krosi ilicheza. Kwenye vikombe vyake palikuwa na vumbi jekundu kama la matofali. Vile visindano vya chuma vilivyopaswa kuogelea ndani ya grisi vilikuwa vimesagika na kuwa kutu. Tundu la kutilia grisi lilikuwa limezibwa na tope, na hapana mtu hata mmoja ofisini kwetu aliyekumbuka lini lilitiwa grisi mara ya mwisho.

Krosi mpya ilipatikana mjini humu siku ileile, na bei yake haikufika hata ile gharama ya kuivusha giaboksi. Lakini fedha si jambo lililotunyima usingizi. Mzee alituonesha kuwa lau krosi ile ya mbele ingekatika gari likiwa mwendoni, ncha ya propela ingeanguka na kukita barabarani, na dereva asingekuwa tena na uwezo kamili wa kuliongoza gari. Hukumu isiyo sahihi haikutaka kutupotezea fedha tu. Ilitufanya tuamini kuwa hapana hatari, nasi tukaendelea kupakia watoto.

Milio mingine nayo ina njia zake, na ni vema ijulikane. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, likitoa sauti ya kukatakata linapokata kona kali, aghalabu limeishiwa na kiungo cha nje cha ekseli, na mara nyingi chanzo chake ni mpira uliopasuka ukaingiza mchanga. Uvumi unaobadilika kila barabara inapobadilika, kutoka lami laini hadi lami chakavu, huwa ni wa matairi, na hapo hakuna haja ya kufungua kitu. Mlio mwembamba unaotokea wakati wa kukanyaga mafuta na kubadilika wakati wa kuyaachia hutoka mara nyingi katika difu. Kishindo cha kuondoka pia kinaweza kutoka katika ile mipira inayobeba injini na giaboksi, ambayo ni rahisi zaidi kuliko vyote viwili.

Hali ya visiwa vyetu huzidisha mambo haya. Chumvi ya bahari hula vyuma, mchanga hupenya katika kila mpira uliopasuka, na magari yetu mengi huteremshwa hadi ufukweni kupokea samaki au mizigo ya mashua. Difu iliyopata moto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo hujikunja na kuvuta maji ndani kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochakaa. Oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na baada ya hapo beringi hazina maisha marefu. Gari lililoingia majini hadi kwenye ekseli halina budi kuchunguzwa oili yake mapema, hata kama bado halijalia.

Kwa hayo yote, tunayo mambo manne ya kuwaeleza ndugu zetu wenye dhamana ya magari ya umma, tukijihesabu nasi miongoni mwao.

Kwanza, kila gari liwe na daftari, na dereva aandike mlio siku ile anapousikia: ulitokea kwa mwendo gani, katika gia ipi, wakati wa kuongeza mafuta au kuyaachia, katika kona ya upande gani. Maneno hayo humfaa fundi kuliko maneno "gari linalia".

Pili, pasiwe na ombi la kununua giaboksi, difu au injini litakalopitishwa bila ya fundi kuandika ni mitihani gani aliyoifanya na ni vitu gani alivyoviondoa katika orodha. Ofisa hahitaji kuwa makanika ili aulize swali hilo. Mitihani tuliyoieleza ilichukua asubuhi moja.

Tatu, gari linalolia katika magurudumu au propela lisimame mpaka lichunguzwe, na lisibebe abiria wakati maombi ya fedha yanazunguka kutoka meza hadi meza. Karatasi inaweza kusubiri, lakini krosi iliyokauka haisubiri.

Nne, dereva atoaye taarifa ya mlio asichukuliwe kuwa ndiye aliyeharibu. Twajua kuwa baadhi ya madereva hunyamaza kwa kuogopa lawama, na wengine huongeza sauti ya redio. Ukimya huo hulipwa na ofisi, na pengine hulipwa na abiria.

Kwa wananchi wenye kununua magari yaliyotumika, twasema kwa ufupi: kabla ya kutoa fedha, liendesheni gari wenyewe, katika barabara tulivu, vioo vikiwa chini na redio ikiwa imezimwa. Lipitisheni kando ya ukuta mrefu, kwani ukuta hurudisha milio masikioni. Lizungusheni kulia na kushoto, kisha mwombeni fundi mnayemwamini aingie chini yake. Muuzaji mwema hatakasirika.

Pikapu yetu ingali ikipeleka magazeti shamba. Tundu lake la grisi sasa lina tarehe zake katika daftari, na watoto hawapandi tena nyuma. Giaboksi iliyohukumiwa kufa ni ileile, wala haijafunguliwa hata msumari mmoja.